Wasomaji Wauliza: Mistari ya Njano Kwenye Programu ya Boti

SWALI, kutoka kwa msomaji wa Langoni, Lamu:

Assalaam alaykum, mwalimu wa ukurasa huu. Mimi ni mwanafunzi, ninajifunza kuunda programu za simu kwa Android Studio, kwa lugha ya Kotlin na mipangilio ya XML. Nimeanza programu ndogo ya kuwaonyesha abiria boti zinazotoka jeti ya Lamu kwenda Mokowe, pamoja na viti vilivyobaki katika kila boti. Programu ilikuwa ikifanya kazi vizuri, ila kila mahali nilipoandika maneno ya Kiswahili kihariri kimepaka rangi ya njano. Mwenzangu amenishauri niyazime maonyo yote. Nilipojaribu kuiondoa njano kwa kuyafuta maneno na kubakisha idadi ya viti peke yake, onyo lilitoweka kweli, lakini sasa programu hujifunga yenyewe mara tu ninapoifungua. Mstari wa kwanza na wa pili ndiyo iliyopakwa njano. Wa tatu ndio niliouweka badala ya wa pili:

android:text="Boti za Mokowe leo"
maandishiViti.text = "Viti " + idadi + " vimebaki"
maandishiViti.setText(idadi)

Kosa ni lipi, na je, ni lazima nishughulike na njano hii ilhali programu ilikuwa ikienda?

JIBU:

Wa alaykum salaam. Tuanze na lililokupata mwisho, kwa kuwa ndilo lililoisimamisha programu yako. Amri ya setText hupokea vitu vya aina mbili. Ukiipa maneno, huyaandika kwenye skrini kama yalivyo; ukiipa namba kamili, haiiandiki namba hiyo, bali huichukulia kuwa ni anwani ya maneno yaliyohifadhiwa mahali pengine ndani ya programu, kisha huenda kuyatafuta. Boti ikiwa na viti 12 vilivyobaki, programu yako huenda kutafuta maneno yenye anwani namba 12, haiyapati, na hapo hapo hujifunga. Fungua dirisha la Logcat lililo chini ya kihariri, nawe utaona maandishi mekundu yenye jina NotFoundException, na karibu nayo #0xc, ambayo ndiyo hiyo 12 yako ikiwa imeandikwa kwa mfumo wa tarakimu kumi na sita. Kihariri hakikukuonya kwa sababu, kwa mtazamo wake, namba ni namba: hakina namna ya kujua kuwa ulikusudia kuhesabu viti na si kutaja anwani. Ndiyo maana kutoweka kwa njano si dalili kwamba mstari umepona.

Sasa tuje kwenye njano yenyewe. Katika Android Studio, rangi nyekundu ni kosa, na programu yenye kosa haijengwi mpaka kosa hilo liondolewe. Rangi ya njano ni onyo, yaani programu itajengwa na itafunguka, lakini kuna jambo ambalo mkaguzi ameliona na anataka ulitazame kabla halijawafikia watumiaji. Ukaguzi wa namna hii ni wa zamani kuliko simu za mkononi tunazozijua, kwani programu ya kwanza iliyoitwa lint iliandikwa na Stephen C. Johnson katika maabara za Bell Labs nchini Marekani mwaka 1978, kwa ajili ya kukagua misimbo ya lugha ya C. Jina hilo limebaki hadi leo, na mkaguzi anayepaka njano kwenye faili zako ni wa ukoo huo.

Onyo la mstari wako wa kwanza linajulikana kwa jina la HardcodedText, na la mstari wa pili ni SetTextI18n. Yote mawili yanadai jambo moja: maneno ambayo mtumiaji atayasoma yasichanganywe na msimbo wala mpangilio wa skrini, bali yakae kwenye faili yake maalumu, nayo ni strings.xml iliyomo ndani ya folda ya values, ambayo nayo imo ndani ya folda ya res. Kwa onyo la kwanza hakuna kazi kubwa. Weka kishale juu ya maneno yaliyopakwa njano, bonyeza Alt na Enter kwa pamoja, kisha katika orodha inayojitokeza uchague «Extract string resource». Kihariri kitakuomba jina. Liandike kwa herufi ndogo, utenganishe maneno kwa mstari wa chini, na usilianze kwa tarakimu. Ukimaliza, faili ya maneno itakuwa na mstari huu:

<string name="kichwa_boti">Boti za Mokowe leo</string>

na kwenye mpangilio wako yale maneno yatakuwa yamegeuka kuwa "@string/kichwa_boti". Rangi ya njano itaondoka, na safari hii itaondoka kwa haki.

Onyo la pili ndilo lenye uzito, na sidhani kama wanafunzi wengi huelezwa kwa nini. Wewe umeunganisha vipande vitatu: neno «Viti», idadi, na neno «vimebaki». Boti ikiwa na nafasi tano, abiria atasoma «Viti 5 vimebaki», na hapo hakuna wa kulalamika. Ikibaki nafasi moja atasoma «Viti 1 vimebaki», na hata mtoto wa chuoni atacheka. Katika Kiswahili idadi haibadilishi jina peke yake. Huburuta na kitenzi, na kivumishi kama kipo: kiti kimoja kimebaki, viti viwili vimebaki. Anayeandika kwa Kiingereza akikosea hapa hukosea herufi moja mwishoni mwa jina, lakini sisi sentensi nzima huenda upogo. Kwa hiyo onyo hili, ambalo vitabu vingi hulieleza kana kwamba linamhusu tu mtu anayetaka kutafsiri programu yake kwa lugha nyingine, linakuhusu wewe hata kama programu haitatoka nje ya jeti ya Lamu.

Dawa yake imo ndani ya Android yenyewe, na inaitwa plurals. Ndani ya strings.xml andika hivi:

<plurals name="viti_vilivyobaki">
    <item quantity="one">Kiti %d kimebaki</item>
    <item quantity="other">Viti %d vimebaki</item>
</plurals>

kisha katika faili ya Kotlin uuandike upya mstari wako:

maandishiViti.text = resources.getQuantityString(R.plurals.viti_vilivyobaki, idadi, idadi)

Utajiuliza kwa nini idadi imetajwa mara mbili, na wengi huifuta moja wakidhani ni kosa la kuchapa. Idadi ya kwanza ni ya kuchagua sentensi, ama ile ya umoja au ile ya wingi. Idadi ya pili ndiyo inayojazwa mahali palipoandikwa %d. Ukiifuta ya pili, sentensi sahihi itachaguliwa lakini abiria ataiona hiyo %d yenyewe kwenye skrini.

Lipo jambo la sifuri pia. Kwa kanuni za lugha zinazotumiwa na Android, Kiswahili kina makundi mawili tu, la moja na la mengineyo, na sifuri imo katika hayo mengineyo. Kwa hiyo boti iliyojaa itaonyesha «Viti 0 vimebaki». Utashawishika kuongeza mstari wa tatu wenye quantity="zero", lakini kwa Kiswahili mstari huo hautasomwa kamwe. Andika sentensi ya pekee, kwa mfano «Boti imejaa», na katika Kotlin utangulize sharti: idadi ikiwa sifuri, onyesha sentensi hiyo, isipokuwa hivyo, nenda kwenye plurals. Binafsi naona hivi ndivyo bora hata kama Android ingeruhusu vingine, maana hakuna mtu pale jetini anayesema viti sifuri vimebaki.

Kuhusu ushauri wa mwenzako wa kuyazima maonyo yote, siuungi mkono. Inawezekana kuzima onyo moja mahali pamoja kwa kuandika tools:ignore="HardcodedText" kwenye kipengele husika, na ipo siku utahitaji kufanya hivyo, pengine kwa alama ya mshale au nukta mbili zinazotenganisha saa na dakika. Jina la boti halihitaji kuzimiwa chochote: liweke kwenye strings.xml na uliongezee translatable="false", ili mkaguzi asije akakudai tafsiri yake baadaye. Na ikiwa maneno uliyoyaweka kwenye mpangilio ni ya mfano tu, ya kukuonyesha skrini itakavyokuwa kabla data haijaingia, tumia tools:text badala ya android:text. Maneno hayo huonekana ndani ya kihariri peke yake, hayafiki kwenye simu ya mtu, na wala hayapakwi njano. Lakini ukizima onyo kwa programu nzima, utakuwa umelizima na kwa ile sentensi ya «Viti 1 vimebaki» ambayo hukuijua kuwa ipo.

SWALI, kutoka kwa msomaji wa Malindi:

Nimefuata mafunzo na kuhamisha maneno yote kwenye strings.xml. Programu yangu ni ya bei za samaki: changu, tafi, nguru, pweza na kadhalika. Sasa nimepata shida mbili. Karibu kila neno la Kiswahili limepigiwa mstari wa kijani wenye mawimbi. Na mstari mmoja, <string name="bei_ngonda">Bei ya ng'onda kwa kilo</string>, umekuwa mwekundu na programu haijengwi tena, ilhali maneno haya haya yalipokuwa kwenye msimbo hayakuleta taabu. Nimekosa wapi?

JIBU:

Mstari wa kijani si onyo la msimbo. Ni mkaguzi wa tahajia, ambaye huchukulia kuwa maneno ya programu ni ya Kiingereza mpaka aambiwe vingine, na kwake tafi na pweza ni maneno yaliyokosewa. Mwambie. Kwenye mstari wa juu kabisa wa strings.xml, uandike:

<resources xmlns:tools="http://schemas.android.com/tools" tools:locale="sw">

Herufi sw ni alama ya Kiswahili katika viwango vya kimataifa vya lugha. Zana za Android Studio zitajua tangu hapo kwamba maneno ya faili hiyo si Kiingereza, na zitaacha kuyakagua kwa kamusi isiyohusika. Likibaki neno moja moja linalosumbua katika faili za Kotlin, kama jina la kigeu ulilolitunga kwa Kiswahili, Alt na Enter zitakupa nafasi ya kulihifadhi kwenye kamusi yako.

Mstari mwekundu una sababu nyingine, nayo ni ile alama ya ritifaa katika ng'onda. Ndani ya strings.xml ritifaa ni alama yenye kazi maalumu, na haikubaliki kuandikwa peke yake. Ni lazima itanguliwe na mkwaju wa nyuma, hivi: Bei ya ng\'onda kwa kilo. Njia nyingine ni kuifunga sentensi nzima ndani ya alama za kunukuu maradufu, na hapo ritifaa huachwa kama ilivyo. Kwenye Kotlin haikukuletea taabu kwa sababu maneno yako tayari yalikuwa ndani ya alama hizo. Waandishi wa Kiingereza hukutana na jambo hili katika vifupisho vyao, lakini sisi tuna ng' katika maneno ya kila siku, kuanzia ng'ombe hadi ng'ambo, kwa hiyo ni vyema kabla ya kujenga programu utafute ritifaa zote katika faili kwa Ctrl na F, uzirekebishe kwa mkupuo mmoja. Mtumiaji hatauona mkwaju, ataona ng'onda.

Kwa kuwa yako ni programu ya bei, huenda ukakutana na mengine mawili ya jamii hiyo. Alama ya & huandikwa &amp; ndani ya faili za XML. Na alama ya asilimia, ikiwa sentensi ina nafasi ya kujazwa kama %d, huandikwa mara mbili: «Punguzo la %d%%» litasomeka «Punguzo la 10» likifuatwa na alama moja ya asilimia. Sentensi yenye nafasi mbili za kujazwa nayo ipewe namba za mpangilio, kwa mfano «Kilo moja ya %1$s ni shilingi %2$d», vinginevyo utaona nyekundu tena. Namba hizo zina faida zaidi ya kumridhisha kihariri: ukija kuandika sentensi hiyo kwa Kiingereza au kwa Kiitaliano, lugha ambayo huko Malindi haikosi wasomaji, unaweza kutanguliza bei na kuchelewesha jina la samaki bila kugusa Kotlin hata kidogo.

SWALI, kutoka kwa msomaji wa Shela, Lamu:

Programu yangu inawaelekeza wageni na manahodha wa boti. Nimeweka Kiingereza kwenye folda ya values na Kiswahili kwenye folda ya values-sw, na kihariri hakina onyo hata moja. Hata hivyo manahodha wote niliowaonyesha wanaona Kiingereza kwenye simu zao. Je, folda yangu ya Kiswahili haisomwi?

JIBU:

Inasomwa, lakini na simu zilizowekwa Kiswahili tu. Android hutazama lugha ya simu, si lugha ya mwenye simu, na wengi wetu simu zetu tumeziacha katika Kiingereza kama zilivyotoka dukani. Folda ya values isiyo na alama ya lugha ndiyo kimbilio la simu zote ambazo lugha yake haikupatikana, na wewe umeweka Kiingereza humo.

Ikiwa programu ni ya manahodha zaidi kuliko wageni, iache na lugha moja: weka Kiswahili kwenye values, ongeza tools:locale="sw" kama nilivyomweleza msomaji wa Malindi, na uifute values-sw. Kila simu itaonyesha Kiswahili, vyovyote ilivyowekwa. Ikiwa unahitaji lugha zote mbili, mpe mtumiaji nafasi ya kuchagua ndani ya programu. Tangu Android 13, iliyotoka mwaka 2022, kila programu inaweza kuwa na lugha yake bila kubadilisha lugha ya simu nzima. Unaorodhesha lugha zako kwenye faili ya locales_config.xml ndani ya folda ya res/xml, unaitaja faili hiyo katika manifesti, yaani faili ya AndroidManifest.xml inayoitambulisha programu yako kwa simu, kwa android:localeConfig, na mtumiaji ataikuta programu yako katika mipangilio ya lugha ya simu. Kwa simu za zamani zaidi, maktaba ya AppCompat kuanzia toleo la 1.6.0 inayo amri ya setApplicationLocales inayofanya kazi hiyo hiyo. Iunganishe na kitufe chenye maneno «Kiswahili» na «English» kwenye ukurasa wa kwanza, mahali ambapo nahodha atakiona bila kufundishwa.

Umeniambia kuwa kihariri hakina onyo hata moja, nami nimeitazama ile sentensi uliyoiambatisha kuhusu safari. Kwa Kiswahili umeandika «Boti itaondoka saa %1$d», na kwa Kiingereza umeandika sentensi ya maana hiyo hiyo, zote mbili zikijazwa namba moja kutoka Kotlin. Mkaguzi ameridhika, kwa kuwa tafsiri ipo na nafasi za kujazwa zinalingana. Lakini boti ya saa mbili asubuhi, ambayo saa ya simu huihesabu kuwa ni 8, itamfikia nahodha ikiwa «saa 8», naye ataielewa kuwa ni saa nane mchana, na mgeni wake atakuwa amesimama jetini tangu asubuhi.

Hapa hakuna folda itakayokusaidia. Hesabu ifanyike katika Kotlin kabla ya sentensi kujazwa. Chukua saa ya simu katika mfumo wa saa 24, ongeza 6, ugawe kwa 12 na uchukue baki. Baki ikiwa sifuri, andika 12. Saa 8 ya simu itakuwa 2, saa 14 itakuwa 8, na saa 6 ya alfajiri itakuwa 12. Namba hiyo uipeleke kwenye sentensi ya Kiswahili pekee, na ile ya Kiingereza uipelekee saa ya simu kama ilivyo. Uongeze pia nafasi ya pili kwa ajili ya neno la wakati, «asubuhi», «mchana», «jioni» au «usiku», kila moja likiwa na mstari wake ndani ya strings.xml, maana saa 8 ya simu na saa 20 zote hutoa 2, na boti ya saa mbili usiku si ile ya saa mbili asubuhi.